Mnazi wa Chumba Namba Tatu

Sadallah mkwezi alibisha hodi chumba namba tatu, akangoja kidogo kama mtu mwenye adabu, kisha akaingia na kamba yake begani na panga kiunoni. Mgeni aliyekuwa amelala mle, mchuuzi wa ufuta kutoka Dar es Salaam aitwaye Abdala, alifumbua macho akaona panga kwanza, mtu baadaye.

"Chukua kila kitu!" alipiga kelele. "Pochi iko chini ya mto!"

"Sina haja na pochi, kaka," alisema Sadallah, akivua makubazi yake mlangoni. "Nimefuata nazi."

Na kweli mle chumbani mlikuwa na mnazi. Ulitokea sakafuni baina ya kitanda na dirisha, ukapanda zake mpaka kwenye mabati, ukatokeza nje kwa tundu pana lililofunikwa turubai kuukuu la lori. Abdala alikuwa ameshushwa na basi la mwisho jana yake, hoi bin taabani, na mwenye gesti alimwambia kuwa ile ni nguzo. Akaitundikia suruali, akalala. Sasa Sadallah alimtungulia suruali yake, akamkabidhi, akafunga kamba miguuni, akapanda. Nyayo zake zilipotelea turubaini. Nazi ya kwanza ilipotua juu ya bati, Abdala alikuwa tayari yuko uani, amejifunga shuka la gesti, suruali mkononi.

Mwanajuma, mke wa mwenye gesti, alimpokea na kikombe cha chai.

"Utusamehe kaka yangu. Ni nazi za msikiti hizo, hatuna uwezo nazo."

"Nazi za msikiti zinafanya nini chumbani kwangu?"

"Chumba ndicho kilichozifuata," alisema Mwanajuma, na hapo hakusema uongo.

Huku Rufiji mti una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe, na wenyewe hao wawili wanaweza kuwa hawasalimiani. Bibi yake Mwanajuma, marehemu Bibi Sihaba, aliacha kiwanja hiki kando ya barabara kuu pale Ikwiriri kiwe cha wajukuu. Minazi minne iliyosimama juu yake aliiweka wakfu kwa msikiti, mbele ya watu, tena kwa kiapo. Basi Mtoro, mume wa Mwanajuma, alipotaka kujenga gesti, ikawa ardhi anayo lakini imejaa miti ya Mungu. Kuikata aliogopa. Kuacha kujenga hakuweza, maana mwaka ule wa tisini mabasi yalikuwa yameongezeka na kila mwenye uchochoro alikuwa anaweka vitanda. Akamwambia fundi aizungukie. Fundi alimwuliza mara mbili kama amesikia vizuri. Mnazi mmoja ukaingia chumba namba tatu, mmoja ukabaki uani karibu na choo, miwili ikasimama mbele barabarani, pale wauza maandazi wanapokaa. Mtoro alijiona ana akili nyingi sana.

Mwinyimvua hakumwona hivyo. Huyu alikuwa mtoto wa Bibi Sihaba, kwa hiyo mjomba wake Mwanajuma, na ndiye msimamizi wa wakfu. Asubuhi hiyo alikuwa uani, amejivutia kigoda cha jikoni bila kuomba, anatazama nazi zinavyodondoka. Zilipokwisha hazikujaza hata pakacha moja, na zilikuwa ndogondogo, za kuokota mbili kwa mkono mmoja.

"Mwanajuma," aliita. "Unaona mumeo anavyoinyonga minazi ya mama yangu?"

"Mjomba, shikamoo kwanza."

"Marahaba. Unaona?"

Mtoro alitokea na mswaki mdomoni, akaamkia. Mwinyimvua akaitikia kwa kidevu.

"Bwana mkwe, mafuta ya taa ya msikiti yanatoka kwenye minazi hii. Mikeka inatoka hapa. Mchele wa maulidi unatoka hapa. Wewe umekuja na saruji yako umeikaba koo. Nani alikupa idhini ya kujenga?"

"Ardhi ni ya mke wangu, mzee. Minazi ni ya msikiti, sikatai. Wala sijaukata hata mmoja."

"Umeutia chumbani!"

"Mzee, siku hizi ruksa."

"Ruksa ya nani?"

Mtoro akatoa mswaki, akafikiri. Watu wote walikuwa wakisema ruksa miaka ile. Ruksa kuuza mitumba, ruksa kuleta gari, ruksa kufungua gesti. Lakini ruksa yenyewe inatoka wapi, hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Ya serikali," alisema.

"Basi twende tukaiulize serikali." Mwinyimvua alisimama, akakung'uta kanzu. "Mahakamani."

Abdala naye alisimama, akavaa suruali, akaondoka na basi la asubuhi. Aliapa hatalala tena katika nyumba yenye majani.

Mwanajuma hakucheka. Gesti ile ndiyo ilikuwa kila kitu chao. Shamba lao la mpunga kule Umwe liliuzwa likawa mabati, na cherehani yake, aliyoipenda kuliko alivyokubali kusema, ikawa milango. Wao wenyewe walilala chumba cha nyuma pamoja na binti yao Mwanabibi. Ikivunjwa, hawana pa kwenda ila kwa ndugu za Mtoro huko milima ya Umatumbi, na Mwanajuma alikuwa mtoto wa pwani, kulima mlimani hajui na hataki kujua.

Hakimu wa mahakama ya mwanzo alikuja mwenyewe kuona eneo, juu ya lori la mpunga, pamoja na karani na wazee wawili wa baraza. Mvua ilikuwa inanyesha, na kwa kuwa chumba namba tatu ndicho kilichokuwa na ugomvi, kesi ikasikilizwa humo humo. Hakimu, mtu mfupi wa miwani na subira, alikaa kitandani. Wazee wa baraza wakapewa viti. Karani hakupata kitu, akaegemea mnazi, na maji ya turubai yakawa yanamdondokea utosini tone moja moja wakati akiandika.

Mwinyimvua alishika msahafu akasema yake. Mtoro akashika msahafu akasema yake. Mzee mmoja wa baraza akanyoosha mkono.

"Mimi nauliza kitu kidogo tu. Mgeni akilala hapa na nazi ikamwangukia, kesi ni ya gesti au ya msikiti?"

"Nazi haimwangukii mtu aliyelala kwa halali," alisema Mwinyimvua.

"Mjomba!" alisema Mwanajuma mlangoni.

Hakimu alivua miwani akaifuta kwa pembe ya shuka.

"Nimeelewa. Marehemu aliweka wakfu minazi, na hilo habishi mtu. Maadamu minazi ni hai, ardhi inayoilea haiwezi kuguswa bila idhini ya msimamizi. Aliyejenga juu yake bila idhini, nyumba yake ina hatari ya kuvunjwa."

"Na minazi ikifa?" aliuliza Mtoro. Aliuliza haraka mno, mpaka mkewe akamtazama.

"Ikifa yenyewe, kwa amri ya Mungu, wakfu wake umekwisha, ardhi inarudi kwa wenyewe." Hakimu alivaa miwani akamkazia macho. "Lakini nikisikia imepitiwa na panga, shoka au moto, kuna mtu atalala ndani. Nitawauliza masheikh kwanza, kisha nitarudi kutoa hukumu masika ikiisha. Mpaka hapo hakuna kujenga wala kuvunja."

Siku chache baadaye bwana mmoja wa ofisi alikuja na kopo la rangi nyekundu akapiga alama ya X ukutani, ile ya nyumba zinazongoja kuvunjwa, kubwa, ya kuonekana toka barabarani. Wasafiri wengi wakawa wanapita moja kwa moja kwenda gesti za jirani. Mmoja aliyesimama aliisoma X kwa Kirumi, akaomba apewe hicho chumba namba kumi.

Kwao Mtoro, ukimwaga maji ya chumvi kwenye mboga, kesho yake zimelala. Alipokuwa mdogo aliwahi kumwaga chungu cha maji ya chumvi kwenye maboga ya mama yake, na fimbo aliyokula alikuwa bado anaikumbuka. Mlimani kule hakuna minazi ya kumfundisha mtu zaidi ya hapo. Chumvi si panga. Chumvi si moto. Chumvi haiachi jeraha. Mti utanyauka taratibu, na kila mtu atasema amri ya Mungu.

Akanunua gunia la chumvi ya mawe iliyoletwa kutoka Mbwera, akaliweka stoo, akawaambia watu anataka kukausha samaki. Kila siku muadhini alipoadhini magharibi na wanaume wote wakaingia msikitini, yeye alijaza debe maji, akakoroga chumvi, akaunywesha mnazi wa chumba namba tatu, kisha wa uani. Ile miwili ya barabarani hakuigusa, kwa sababu wauza maandazi walikaa chini yake mpaka isha na wale hawafichwi neno.

Alikuwa anaona haya. Alikuwa mtu wa sala, na sasa kila magharibi aliisali peke yake, baadaye, mikono ikinuka chumvi. Usoni hakuweza kuutazama ule mnazi. Akiingia chumba namba tatu kutandika kitanda, aliupa mgongo.

Huko barazani msikitini Mwinyimvua aliwaambia wenzake, "Mtoro haonekani magharibi. Ana haya. Mtu aliyekalia mali ya Mungu atasimamaje mbele ya Mungu?" Watu wakacheka, na kicheko hicho kikamfika Mwanajuma kisimani kabla ndoo yake haijajaa.

"Baba Mwanabibi," alimwambia mumewe siku hiyo, "wali wa wageni umekuwa hauna ladha. Chumvi ya jikoni inakwenda wapi?"

"Inayeyuka. Hewa ya huku ina unyevu."

"Na mbona chumba namba tatu sakafu iko maji?"

"Turubai linavuja."

"Mvua haijanyesha tangu juma lililopita."

"Lilikuwa bado lina maji ndani," alisema Mtoro.

Mwanajuma alikwenda chumba namba tatu, akainama pale shinani, akagusa udongo kwa kidole, akakionja. Alikaa amechutama pale muda mrefu kidogo, mabega yakimtikisika, kanga ameibana mdomoni. Aliporudi uso wake ulikuwa mkavu kabisa.

"Ukienda sokoni," alisema, "lete chumvi nyingine. Lete hiyo hiyo ya mawe, ya Mbwera, ndiyo haiyeyuki upesi. Lete nyingi."

Masika yakaisha, na hakimu hakuja. Barabara ilikuwa imekatika, kisha ikaunganishwa, kisha hakimu akawa na kesi nyingine, na hivyo kesi ya minazi ikaahirishwa kama zinavyoahirishwa kesi, mpaka mwaka ukapinduka na watu wakaanza kuizoea.

Mtoro alikuwa akikagua makuti kila asubuhi. Yakawa ya kijani kibichi, kisha kijani kilichokoza, kisha meusi kwa ukijani. Akafurahi, akidhani hiyo ndiyo rangi ya kufa. Minazi ikatoa makarara mapya ya maua. Akajiambia inaaga dunia. Yale makarara yakawa vidaka, vidaka vikawa madafu, na Mtoro akaanza kukosa usingizi. Akaongeza chumvi. Minazi nayo ikaongeza nazi. La kumtia wazimu zaidi, hata ile miwili ya barabarani, ambayo hakuwahi kuitilia hata punje, ilikuwa imebeba mpaka inatisha, na wauza maandazi walikuwa wamehamia ng'ambo ya pili kuokoa vichwa vyao.

"Hii miti ina jini," alimwambia mkewe.

"Ina nini?"

"Basi tu."

Siku moja nazi ilitoboa bati la chumba namba nne ikatua juu ya mto. Kwa bahati mgeni alikuwa ametoka kwenda kuoga. Alirudi, akaiona imelala pale kwenye foronya, akadhani ni desturi ya nyumba, akaondoka nayo.

Sadallah alipokuja kuangua safari hiyo, ilibidi aende kumwita mwenzake amsaidie. Mapakacha yalipangwa toka uani mpaka barabarani. Nazi zilikuwa kubwa, nzito, za kubeba kwa mikono miwili. Mwinyimvua alikaa kwenye kigoda chake kile kile. Aliokota nazi moja, akaitikisa sikioni, akaiweka chini, akaomba maji ya kunywa.

Msikiti ulinunua mikeka mipya yote kwa mkupuo. Ukanunua taa ya karabai. Maulidi ya mwaka ule yalipikwa kwa ng'ombe mzima, na watu waliokuwa hawajaonekana msikitini tangu kutahiriwa walikuja na sahani zao. Mtoro naye alikula, kwa shida.

Hakimu alirudi kutoa hukumu siku ya jua kali. Chumba namba tatu kilijaa watu mpaka dirishani. Mtoro alikuwa amekwisha funga virago, ameviweka chumba cha nyuma. Mwanajuma alivifungua alfajiri bila kumwambia.

"Bwana Hakimu," alianza Mwinyimvua kabla hajaulizwa, "naomba kuiondoa kesi."

Hakimu akashusha miwani. "Umewasumbua watu mwaka mzima, sasa unaiondoa?"

"Tangu mama yangu afariki, minazi hii haijazaa hivi. Mimi nimeisimamia miaka na miaka ikawa inatoa vijinazi vya kuchezea watoto. Huyu bwana mkwe kaingia, kaiweka ndani kama wageni wake, imezaa. Kama msimamizi, natoa idhini nyumba ibaki, sharti moja: aendelee kuitunza, wala asiondoke. Akiondoka ndipo nitamshitaki."

Minong'ono ikajaa chumbani. Nyumba imebaki! Mtoro alitaka kumshika mkewe mkono mbele za watu. Lakini hakimu alikuwa mtu wa kumaliza kazi yake.

"Vizuri. Niandike kwenye kumbukumbu utunzaji wenyewe ni upi. Bwana Mtoro, shika msahafu. Umeifanyia nini minazi hii?"

Mtoro akaushika. Angeweza kusema samadi. Angeweza kusema majivu. Neno la uongo lilifika ulimini, likagoma, kwa sababu mtu anaweza kuukwepa msikiti mwaka mzima lakini msahafu uko mkononi.

"Nimeitia chumvi," alisema kwa sauti ndogo.

"Sema kwa nguvu, mahakama isikie."

"Chumvi! Nimeitia chumvi! Magunia kwa magunia!"

Akafumba macho, akangoja kukamatwa. Badala yake akasikia mtu analia. Alikuwa Mwinyimvua.

"Mmesikia?" mzee alisema, akijifuta kwa kofia. "Mmesikia jamani? Marehemu mama alikuwa akiitia chumvi minazi yake kila mwaka, mimi nikaacha kwa uvivu wangu. Leo mtu wa mlimani, asiyejua hata kufua nazi, ndiye aliyekuja kunikumbusha."

"Chumvi ndiyo chakula chake, mnazi," alisema mzee wa baraza. "Hilo hata mbuzi wa pwani anajua."

Mtoro akafumbua jicho moja.

Watu wakacheka, isipokuwa hakimu. Alikuwa anamtazama yule mwenye msahafu, na vidole vyake, na jasho lake.

"Bwana Mtoro," alisema polepole, "ulikuwa unaitia kwa nia gani?"

Mtoro alifungua kinywa. Alikuwa anakwenda kusema kweli, Mungu ni shahidi yake, na nyumba ingekwenda na kweli hiyo. Mwanajuma akapenya katikati ya watu akasimama mbele yake.

"Bwana Hakimu, nia ya mtu aijuaye ni Mungu. Mimi mkewe nitasema nilichokiona kwa macho. Mwaka mzima mume wangu amekosa sala ya jamaa ya magharibi kwa sababu ya minazi hiyo. Wenzake wanasali, yeye amebeba debe. Na watu walikuwa wakimcheka, na wengine ni ndugu zangu."

Mwinyimvua akainamisha kichwa. Kisha akainuka, akamfuata Mtoro, akamshika mkono wake wa chumvi kwa mikono yake miwili.

"Nisamehe, bwana mkwe. Nilisema una haya."

"Nilikuwa nayo," alisema Mtoro, na hilo lilikuwa kweli tupu.

Hakimu aliwatazama wote watatu, akamtazama zaidi Mwanajuma, naye Mwanajuma akautazama mnazi. Hatimaye akamwambia karani aandike kesi imeondolewa kwa mapatano, na ile X ifutwe. Akaondoka na pakacha la nazi, baada ya kulikataa mara tatu.

Jioni watu walipotawanyika, Mtoro alimkuta mkewe chumba namba tatu anafagia nyayo za mahakama. Akakaa kitandani.

"Mama Mwanabibi. Ulijua?"

"Nilijua nini?"

"Kuwa chumvi inaulisha."

"Nimezaliwa chini ya minazi, nisijue?"

"Mwaka mzima unaniona nabeba debe, unanyamaza! Kwa nini hukuniambia?"

Mwanajuma akaegemeza ufagio kwenye mnazi.

"Ningekuambia ungeacha, ukaenda kutafuta dawa nyingine, ya kuua kweli. Mjomba angetuvunjia, na wewe ungelala ndani. Nikaona heri nikuache uue hivyo hivyo, pole pole." Akamkazia macho, na kicheko kilikuwa kimeanza kumtoka pembeni mwa mdomo. "Tena ulikuwa mvivu. Unatilia miwili tu, unakwenda zako kulala. Ile ya barabarani ulidhani inatiliwa na nani?"

Mtoro alimtazama mpaka akaelewa. Alikumbuka gunia lililokwisha upesi kuliko alivyodhani. Alitaka kukasirika, hasira ikakataa kuja. Alijifunika uso kwa viganja na mabega yake yakaanza kutikisika, na mkewe hakujua mara moja kama analia au anacheka, na yeye pia hakujua.

Nje muadhini akaanza kuadhini magharibi. Mtoro akasimama kwa mazoea, akanyoosha mkono kuchukua debe lililokuwa pembeni. Mwanajuma akaliwahi.

"Nenda kasali na wenzako," alisema. "Leo nitatia mimi."